Kupima kama propela za boti zinalingana na injini zake

Boti yenye propela isiyofaa huwa inakwenda tu, tena pengine kwa kasi ya kuridhisha, huku pistoni, valvu na turbo zikiumia kidogo kidogo. Kipimo cha kuaminika ni kimoja: boti iwe na mzigo wake wa kweli, mkono wa mafuta usukumwe mpaka mwisho, kisha isomwe mizunguko ya injini. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba namba unayoisoma inasema ukweli.

Anza na kiwango cha mtengenezaji. Kimo kwenye kitabu cha injini. Injini nyingi za petroli za kupachika, zenye mipigo minne, hupewa eneo, kwa mfano mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Dizeli hupewa namba moja, tuseme 2,800. Usiazime kiwango cha injini nyingine kwa sababu nguvu za farasi zinafanana.

Kisha soma propela yenyewe. Kwenye kitovu chake mara nyingi huchapwa namba mbili, mfano 14½ × 19. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Propela iliyowahi kunyooshwa au kuchomelewa usiiamini kwa namba hizo. Ipeleke ipimwe panga moja moja, maana panga moja likipinda tofauti na wenzake huleta mtetemo na kuharibu vipimo vyote.

Kagua kabla ya kushusha boti

Tachometa, yaani saa ya kuonyesha mizunguko ya injini, ndiyo inayodanganya watu zaidi. Baadhi ya zile za mshale zina swichi ndogo mgongoni, ya kuchagua idadi ya nguzo za altaneta (kifaa cha kuzalisha umeme kwenye injini). Ikikaa pasipo pake, mshale unaonyesha mizunguko ambayo injini haina. Bandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye puli au gurudumu la injini na usome kwa tachometa ya mwanga, kisha linganisha na saa ya usukani. Kwenye boti ya injini mbili pima zote mbili. Saa zikitofautiana kwa mizunguko 150 utahangaikia ugonjwa usiokuwepo.

Hatua inayofuata ni kebo ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja asukume mkono mpaka mwisho, nawe ukiwa umefungua kifuniko uangalie wenzo ulio kwenye injini. Lazima uguse kizuizi chake. Ukibaki uwazi wa milimita 3 tu, injini hiyo haifunguki yote, na utailaumu propela bure. Tazama pia chujio za mafuta na hewa, na utoe maji ya ngama, yaani yaliyotuama chini ndani ya boti. Tumbo la boti liwe safi: ute na viumbe vilivyoganda chini vinaweza kula mamia ya mizunguko.

Propela za injini za kupachika nyingi zina mpira ndani ya kitovu, nao unaweza kuachia. Dalili yake ni mizunguko kupanda ghafla bila boti kuongeza mwendo. Piga mstari mmoja wa rangi unaoanzia kwenye kitovu cha ndani na kuvuka mpira mpaka chuma cha nje. Ukirudi kutoka majini ukakuta mstari umekatika na vipande viwili havitazamani, mpira umeteleza, na hakuna haja ya kuendelea na vipimo mpaka ubadilishwe.

Majaribio majini

Jaza mafuta na maji, panga watu na vifaa kama siku ya kazi. Boti inayopimwa tupu hupata propela ya boti tupu, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Chagua maji tulivu yenye kina, pasha injini moto, kisha pita njia ileile kwa pande mbili ili mkondo na upepo vijifute. Kasi isome kwa GPS. Andika mizunguko na noti (kasi kwa maili za baharini kwa saa) kila baada ya mizunguko 500 kwa petroli, au 200 kwa dizeli.

Ukifika mwisho wa mkono, inua injini ya kupachika polepole: omo, yaani mbele ya boti, itanyanyuka na mizunguko kuongezeka. Simama kabla propela haijaanza kuvuta hewa. Namba zikitulia, andika na upunguze. Injini ikianza kukatakata kwa sababu imefika kizuizi chake cha mizunguko, rudisha mkono papo hapo.

Kwa injini mbili, zima kifaa cha kuzilinganisha, usukume mikono yote miwili pamoja. Kupima injini moja huku nyingine imezimwa hakufai: inayofanya kazi inabeba boti nzima peke yake na kuburuta propela iliyolala, hivyo mizunguko yake itakuwa chini hata kama propela ni sahihi.

Kusoma majibu

Mizunguko ikiishia chini ya kiwango, propela ni nzito mno, yaani inaidai injini nguvu kupita uwezo wake. Petroli hapo hugonga ndani ya silinda, na boti huchelewa kupanda juu ya maji. Dizeli hutoa moshi mweusi na kupaka masizi kwenye tezi (nyuma ya boti), kwa kuwa gavana, kifaa kinachodhibiti mafuta ya injini, kinaendelea kuongeza mafuta kikitafuta mizunguko isiyofikika, na hewa haitoshi kuyachoma. Moto wa ekzosi unapanda, valvu na turbo zinalipa. Wapo wanaosema, "Mimi sifungui yote, kwa hiyo hainihusu." Inawahusu. Nguvu inayodaiwa na propela hupanda takriban kwa mchemraba wa mizunguko, kwa hiyo kwenye asilimia 80 ya mizunguko propela sahihi inadai karibu nusu tu ya nguvu. Ile nzito inadai zaidi ya hapo kwenye mizunguko ileile, saa baada ya saa. Kama injini yako ya dizeli ina skrini ya mzigo, nayo inaonyesha asilimia 100 kwenye 2,400 wakati kiwango ni 2,800, jibu umeshalipata.

Ikipita kiwango, propela ni nyepesi: injini inakimbia na boti haiendi inavyopaswa. Kabla ya kununua nyingine, hakikisha propela haivuti hewa kwa kuwa injini imefungwa juu mno, na kwamba ule mstari wa rangi bado mzima.

Kwa petroli, inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Ukipunguza pichi, mizunguko inapanda. Tuseme eneo ni 5,000–6,000, propela ni ya pichi 19, na umepata 4,700. Ukishuka hadi 15 unatarajia kati ya 5,300 na 5,500. Lenga nusu ya juu ya eneo, kwa kuwa mzigo huongezeka na tumbo la boti huchafuka. Dizeli iliyosheheni ifike kiwango chake na kukipita kidogo, mfano 2,830 kwa injini ya 2,800.

Mizunguko ikiwa sawa lakini mwendo ni mdogo, kokotoa utelezi, yaani asilimia ambayo kasi halisi imepungukiwa na kasi ya nadharia. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawa kwa uwiano wa giaboksi, kisha gawa kwa 1,215; unapata noti za nadharia. Injini ikiwa 5,400, pichi 17 na uwiano 2.0, jibu ni noti 37.8. GPS ikisoma 32, utelezi ni kama asilimia 15, jambo la kawaida kwa boti inayopanda juu ya maji, ambayo hukaa kati ya 10 na 20. Ukipata 30 kwa boti ya namna hiyo, chunguza mapanga yaliyochakaa, kipenyo kidogo mno au uvutaji wa hewa. Boti nzito isiyopanda juu huteleza zaidi, na hilo si kasoro.

Injini moja ikiwa chini ya mwenzake, na zote zinazunguka upande mmoja, badilishana propela na urudie. Upungufu ukihama pamoja na propela, propela ndiyo yenye kasoro; ukibaki palepale, tafuta kwenye injini, kebo au mafuta. Zinazozunguka kinyume haziwezi kubadilishana, kwa hiyo peleka zote mbili zipimwe kwa pamoja na zisahihishwe zilingane. Ukibadilisha pichi, badilisha pande zote mbili, kisha rudi majini na mzigo uleule uandike namba upya.