Kupiga picha na staa bila kuichezea nafasi

Nafasi yenyewe ni ya sekunde chache, kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu: kwa joto la Dar, jasho na mafuta ya vidole ndiyo huleta ule ukungu kuzunguka taa. Hakikisha nafasi ya kuhifadhi picha kwenye simu haijajaa, kisha fungua kamera kabla hujamfikia.

Mlango wa kutokea abiria, Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ni afadhali kuliko nje ya Uwanja wa Mkapa baada ya mechi. Pale Mkapa wachezaji huingia moja kwa moja kwenye basi, na walinzi hawana mchezo. Akiwa anakula, yuko msibani au yuko na watoto wake, mwache.

Salamu kwanza. Mkubwa mpe shikamoo yake, wa rika lako, "Mambo kaka, samahani, naomba picha moja." Usimkumbatie bila ruhusa.

Selfi ni ya dharura tu. Mpe simu mtu wa pembeni atumie kamera ya nyuma, ambayo kwa simu nyingi ni bora, abonyeze mara tano mfululizo maana mmoja wenu lazima atafumba macho. Kubonyeza na kushikilia kitufe ili zitoke picha mfululizo, ujaribu nyumbani kwanza: simu nyingine huanza kurekodi video. Jua la saa sita hutia macho kivuli, basi sogeeni kibarazani. Dirisha likiwa nyuma yenu, mtatoka weusi tii na staa hatambuliki.