Jinsi ya Kulipana Bila Ugomvi Mnapouziana Santuri za Zamani

Wapenzi wa santuri za benga walioko Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru huuziana sana kupitia makundi ya WhatsApp na Facebook, na ugomvi unaozuka humo mara nyingi huwa kati ya watu wawili waaminifu ambao hawakuelewana mapema kuhusu hali ya santuri, njia ya kulipa na nani atabeba hasara kifurushi kikiharibika njiani. Matapeli wapo, nao nitawataja, lakini sehemu kubwa ya uchungu huo ingeepukika kama mambo hayo matatu yangemalizwa kabla ya pesa kutumwa.

Anza na maelezo ya bidhaa. Muuzaji anayeandika tu kwamba santuri “iko sawa” hajasema lolote ambalo mnunuzi anaweza kulishikilia baadaye. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ishikwe kwa ukingo karibu na dirisha, iinamishwe taratibu mpaka mwanga upite juu ya mifereji yake, kisha ipigwe picha pande zote mbili katika hali hiyo, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa taa ya kamera huficha mikwaruzo ile ile ambayo mnunuzi anaitafuta. Ipigwe pia picha ya lebo, pamoja na nambari iliyochongwa kwenye sehemu laini kati ya lebo na mfereji wa mwisho, maana nambari hiyo husaidia kutambua ni toleo lipi hasa. Iwekwe juu ya kioo kilichonyooka ili ijulikane kama imepinda kwa joto, jambo la kawaida kwa santuri zilizokaa miaka mingi chini ya paa la mabati. Kisha sauti ya kila upande irekodiwe, kwa sababu mkwaruzo unaotisha kwa macho huenda usisikike kabisa, na ule usioonekana ukairusha sindano. Kazi hii si adabu tu: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Mkishaelewana, yaandikeni yote katika ujumbe mmoja: jina la msanii na nambari ya santuri, hali yake, bei, nauli ya kifurushi na atakayeilipa, njia ya malipo, siku ya kutuma, na muda ambao mnunuzi anao wa kulalamika baada ya kupokea. Mnunuzi ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya simu yasiyoandikwa popote ndiyo ambayo kila upande huyakumbuka kwa namna yake.

Kuhusu malipo yenyewe, njia bora kwa watu wa mji mmoja ni kukutana mchana mahali penye watu, mnunuzi akague santuri na kulipa hapo hapo. Palipo na umbali, kama kutoka Kisumu hadi Nakuru, M-Pesa ndiyo inayotumika, nayo ina mambo ambayo kila upande unapaswa kuyajua.

Muuzaji asiachilie santuri kwa kuonyeshwa skrinishoti au ujumbe uliotumwa kutoka nambari ya kawaida ya simu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA ukiwa na msimbo wa herufi na tarakimu kumi, lakini hata huo usikutosheleze mpaka umepiga *334# au kufungua programu na kuona salio limeongezeka. Ujue pia kwamba mtumaji anaweza kuomba kurudishiwa pesa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya waliokosea nambari, lakini wapo wanaoitumia baada ya kuondoka na bidhaa. Ndiyo maana yale maandishi ya makubaliano yana thamani: ombi kama hilo likiletwa, wasiliana mara moja na huduma kwa wateja ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ukiwa na ushahidi kwamba pesa zilikuwa za mauzo.

Mnunuzi naye asome jina la mpokeaji kabla ya kuweka nambari yake ya siri. Likiwa tofauti na la mtu anayezungumza naye, asimame aulize, na jibu la kwamba “hiyo ni laini ya dada yangu” lisimridhishe mpaka msimamizi wa kundi athibitishe. Kwa santuri ya bei kubwa, naona ni heri kulipa sehemu kwanza na salio baada ya kifurushi kufika, au kumwachia mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote mbili azishike pesa. Mtu huyo asiwe na faida yoyote katika mauzo hayo, na malipo yake, kama yapo, yatajwe wazi mapema.

Mnunuzi akiwa ng'ambo, mara nyingi hutaka kulipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni ambayo tangu 2018 pesa zake zinaweza kutolewa hadi M-Pesa. Malipo yanayotumwa kama ya marafiki na jamaa hayana ulinzi wa mnunuzi, kwa hiyo akiomba kulipa kama mnunuzi wa bidhaa usimwone msumbufu. Anakuwa na siku 180 za kufungua madai, hivyo tuma kwa njia yenye nambari ya kufuatilia kifurushi na uihifadhi risiti muda huo wote.

Ufungaji nao ni sehemu ya uaminifu. Toa santuri ndani ya jalada lake la karatasi ili ukingo usilipasue njiani, uviweke vyote viwili kati ya kadibodi mbili ngumu zilizo kubwa kuliko santuri, na upige picha kabla ya kufunga. Mpokeaji arekodi video anapofungua.

Tatizo likitokea, mlalamikaji amwandikie mwenzake faraghani kwanza, kwa heshima na kwa ukamilifu: “Kaka, santuri imefika leo mchana. Upande wa pili sindano inaruka katikati ya wimbo, na kwenye rekodi uliyonitumia hairuki. Naomba tuone kama tatizo limetokea njiani. Nakutumia video ya kufungua kifurushi.” Ujumbe wa aina hiyo humwachia muuzaji nafasi ya kurekebisha bila kuaibika. Kumwanika mtu kundini kabla hajajibu huharibu jina ambalo huenda halikustahili kuharibiwa, na wasimamizi wanapaswa kuzuia jambo hilo bila upendeleo, hata mlalamikaji akiwa mwanachama wa siku nyingi. Wampe anayelalamikiwa muda maalum wa kujibu, wadai picha na ujumbe kutoka pande zote mbili, na watoe uamuzi kwa maandishi.

Ikiwa ni utapeli wa wazi, peleka ujumbe wa tapeli kwenye 333 ya Safaricom, kisha uandikishe taarifa polisi na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa kuwa kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa deni au bidhaa isiyolingana na maelezo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambako unaweza kujiwakilisha bila wakili na ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Nenda na ule ujumbe mmoja wa makubaliano, taarifa ya miamala ya M-Pesa, picha na rekodi za sauti.

Wengi wa wanaosikilizana hawafiki huko. Mkikubaliana kurudishiana, santuri irudi ikiwa imefungwa kama ilivyokuja, nauli ilipwe na aliyeeleza vibaya, na pesa zitumwe siku ile ile kifurushi kinapopokelewa. Kama malalamiko yalikuwa yamefika kundini, msimamizi aandike mahali pale pale kwamba yamekwisha na jinsi yalivyokwisha.