Kuchagua Pasi ya Reli Wazazi Wanapokuja Ulaya Kutoka Dodoma

Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, watu wa katikati ya nchi wamezoea utaratibu mmoja: unakata tiketi ya safari moja kwa jina na kitambulisho chako, unapewa namba ya behewa na ya kiti, na ukishuka tiketi hiyo imekwisha kazi. Kwa hiyo mzazi wa Kizota au Ipagala anapoambiwa na mwanawe aliyeko Ujerumani kwamba watazunguka nchi kadhaa kwa wiki tatu kwa kutumia pasi ya reli, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku kadhaa, ana haki ya kuuliza pasi hiyo inalipia nini na nani anaruhusiwa kuinunua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo mwana aliyeko ughaibuni, kwa sababu ndiye atakayelipa, na ndiye atakayeulizwa jambo likiharibika njiani.

Shauri langu kuu ni kwamba pasi iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza jueni kila msafiri anaishi wapi kisheria, kisha viza yake inamruhusu kuingia wapi na mara ngapi, kisha andikeni njia mji kwa mji. Mambo hayo matatu yakishakaa sawa, pasi inayofaa hujitokeza yenyewe, na wakati mwingine hugundulika kwamba hakuna pasi inayohitajika kabisa.

Makazi, si uraia

Ulaya ina pasi mbili zinazofanana sana, ambazo huruhusu kupanda treni katika nchi 33. Interrail ni ya watu wanaoishi Ulaya, na Eurail ni ya watu wanaoishi nje ya Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uswidi au Uingereza hununua Interrail hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania, ilhali ndugu yake anayeishi Muscat au Dubai, na wazazi wao walioko Dodoma, hununua Eurail. Familia moja inayoketi katika behewa moja inaweza kuwa na pasi za aina mbili, na hilo ni jambo la kawaida.

Tofauti inayouma iko katika nchi unayoishi. Mwenye Interrail anaruhusiwa safari moja tu ya kutoka nchini mwake na moja ya kurudi, wakati mwenye Eurail hana mpaka huo. Tuchukue mfano wa kijana anayeishi Hamburg ambaye amepanga njia hii pamoja na wazazi wake: Hamburg hadi Amsterdam, Amsterdam hadi Paris, Paris hadi Zürich, Zürich hadi Roma kwa kubadilisha treni Milano, Roma hadi Vienna usiku, Vienna hadi Prague, na Prague kurudi Hamburg. Kwake Interrail inatosha vizuri, kwa kuwa ndani ya Ujerumani anasafiri mara mbili tu, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Lakini wakiamua kuiacha Paris na kushuka kutoka Amsterdam kwenda Uswisi kwa kupitia Cologne, wazazi watapita Ujerumani bila tatizo, ilhali yeye itambidi alipie kipande hicho kwa tiketi ya pembeni. Hasara hiyo haionekani mtu anapolinganisha bei za pasi peke yake, na ndiyo maana nasisitiza njia iandikwe mapema.

Kwa anayeishi Ujerumani, au aliyepokea wageni huko, kuna pia Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi na kupanda hadi yuro 58 mwaka 2025. Inapandisha treni zote za mikoa, mabasi na treni za mijini nchi nzima, lakini si treni za masafa marefu za ICE wala IC. Mgeni wa muda naye anaweza kuichukua, ila imewekwa kama malipo ya kila mwezi, kwa hiyo lazima isitishwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo mwezi unaofuata nao utakatwa.

Viza ndiyo inayochora ramani

Ramani ya pasi na ramani ya viza hazilingani, na kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki jambo hili lina uzito kuliko bei. Viza ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na Uswisi, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, imo katika Schengen. Uingereza haimo, Ireland haimo, wala Serbia, Bosnia, Montenegro na Uturuki, japokuwa pasi ya reli inazihesabu zote kuwa ndani ya nchi zake 33. Mzazi mwenye viza ya kuingia mara moja, akipanda treni kutoka Paris kwenda London kumsalimu mpwa wake, hatakuwa na ruhusa ya kurudi Paris hata kama ana viza halali ya Uingereza na pasi yake bado ina siku. Basi kama London au Belgrade imo katika mpango, ombeni tangu mwanzo viza ya kuingia mara nyingi, na mpango wa safari mtakaoupeleka ubalozini uonyeshe sababu hiyo waziwazi.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambako wageni watakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi watakayoingia kwanza. Bima ya safari inayotakiwa ni ya kiwango kisichopungua yuro 30,000. Ijapokuwa Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, balozi nyingi za Ulaya bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo wazee watahitaji kusafiri kwenda kutoa alama za vidole, isipokuwa kama walikwisha kuzitoa katika miezi 59 iliyopita. Msilipie pasi kabla viza haijatoka, hasa pasi za ofa ya bei ya punguzo, kwa kuwa hizo hazirudishwi fedha. Punguzo linavutia, lakini halifai kitu mikononi mwa mtu aliyenyimwa viza.

Kuhesabu siku za kusafiri

Pasi za nchi zote 33 ziko za namna mbili. Ya kwanza inahesabu siku za kusafiri tu ndani ya kipindi fulani: siku 4, 5 au 7 ndani ya mwezi mmoja, au siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Ya pili ni ya mfululizo, inayotumika kila siku kwa siku 15, siku 22, mwezi mmoja, miwili au mitatu. Familia nyingi zinazosafiri na wazee huvutiwa na ya mfululizo kwa sababu inaonekana kuwa na uhuru zaidi, lakini mtu wa miaka 65 hapandi treni kila siku. Anahitaji kulala mji mmoja usiku mitatu, kupumzika, na kula chakula alichokizoea ikiwezekana. Njia ya Hamburg niliyoitaja juu, hata ikichukua wiki tatu, ina siku 7 tu za kusafiri, kwa hiyo pasi ya siku 7 ndani ya mwezi inatosha kabisa.

Siku moja ya kusafiri huanza saa sita usiku na kwisha saa sita usiku unaofuata, na ndani yake unaweza kupanda treni nyingi kadiri unavyotaka. Treni ya usiku inayokwenda moja kwa moja huhesabiwa katika siku uliyoipanda, hata ikifika asubuhi ya pili. Hapa waelezeni wazee mapema jinsi saa zinavyoandikwa: treni iliyoandikwa 19:05 huondoka saa moja na dakika tano usiku, na mzee aliyesoma tarakimu hizo haraka haraka anaweza kujiandaa kwa saa nyingine kabisa.

Kisha gawanyeni bei ya pasi kwa idadi ya siku. Pasi ikiuzwa yuro 385 kwa siku 7, kila siku imegharimu yuro 55, na hapo linganisheni na tiketi ya kawaida ya kila kipande. Safari ndefu kama Prague hadi Hamburg mara nyingi huipa pasi ushindi, hasa mkikata tiketi karibu na siku yenyewe, ilhali kipande kifupi kama Zürich hadi Bern hakistahili kula siku nzima ya pasi. Wenye tarehe zisizobadilika ambao wanaweza kukata tiketi miezi miwili au mitatu kabla mara nyingi hulipa pungufu bila pasi.

Juu ya bei ya pasi kuna gharama ya kuhifadhi kiti, na ndiyo inayowashtua wengi. Ujerumani, Austria na Uholanzi treni nyingi za mchana hazidai hifadhi ya lazima. Treni za mwendokasi, yaani Eurostar ya kati ya Amsterdam, Paris na London, TGV za Ufaransa, na zile za Italia na Hispania, pamoja na treni zote za kulala, hudai. Ndani ya Ufaransa na Italia kwa kawaida ni kati ya yuro 10 na 20 kwa mtu, na Eurostar hudai zaidi. Katika ile njia ya Hamburg, vipande vinne kati ya saba vinahitaji hifadhi, na viti vilivyotengwa kwa wenye pasi ni vichache, kwa hiyo vishikwe mara tu viza ikitoka. Kama ni lazima kuchagua kati ya daraja la kwanza na kitanda katika treni ya usiku, mimi ningewapa wazazi kitanda. Kiti cha daraja la pili kinavumilika mchana, lakini usiku mzima wa kuketi hadi Vienna unamchosha mtu mzima kwa siku mbili.

Wenye miaka 60 na zaidi hupata punguzo la asilimia 10, na vijana wa miaka 12 hadi 27 wana bei yao. Watoto wa miaka 4 hadi 11 husafiri bure, wawili kwa kila mtu mzima, ila nao lazima wapewe pasi yao ya mtoto, na kiti chao hulipiwa.

Walioko nje ya Ulaya wana masharti yao. Pasi ya reli ya Japani ni ya wageni wa muda, si ya Mwafrika Mashariki anayesoma au kufanya kazi huko, na tangu Oktoba 2023 ile ya siku 7 imepanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, kiasi kwamba kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Kyoto peke yake hakukaribii kuilipa. Marekani, pasi ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria, inahesabu vipande 10 ndani ya siku 30, na kila unapopanda treni ni kipande kimoja, kwa hiyo kubadilisha treni Chicago kunakula viwili.

Pasi zikishanunuliwa, wazee wasioshika simu janja wanaweza kuwekewa pasi zao katika simu ya mwana, kwa kuwa programu ya Rail Planner hubeba pasi za watu kadhaa. Majina yaandikwe kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, na kila mmoja abebe pasipoti yake mwenyewe mfukoni, si katika sanduku lililowekwa juu ya rafu. Mwenye Interrail abebe pia kibali chake cha ukaazi. Kila treni iingizwe katika safari ya siku hiyo ndani ya programu kabla ya kupanda, na simu iwe na chaji pamoja na betri ya akiba, kwa sababu simu iliyozima mbele ya mkaguzi huhesabiwa kuwa hakuna tiketi, na faini italipwa kwa idadi ya watu wote ambao pasi zao zilikuwa ndani yake.