Kutambua midoli ya wanyama isiyo na lebo katika sanduku la urithi

Shangazi yangu alilea watoto katika nyumba za mashamba ya chai ya Mufindi, na alipofariki aliniachia sanduku la bati lenye midoli kumi na mmoja: dubu, tembo, mbwa, na sungura aliyekosa sikio moja. Hakuna hata mmoja wenye lebo. Naandika kwa ajili ya wengine waliorithi sanduku la namna hiyo kutoka kwa mzee aliyewahi kufanya kazi katika nyumba za familia za kigeni.

Kwanza kabisa, usiufue mdoli. Uchafu na nyuzi zilizolegea ni ushahidi, na maji huharibu ujazo wa ndani na kudhoofisha mishono. Ukiona mabuu ya nondo, ufunge mdoli ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha uache mfuko ukiwa umefungwa hadi upate joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu ya manyoya.

Baada ya hapo, libonyeze tumbo polepole. Likiwa gumu na likitoa mlio mkavu, ndani kuna nyuzi nyembamba za mbao zinazofanana na maranda ya fundi seremala, ujazo uliopendwa sana na viwanda vya Ujerumani tangu mwanzo wa karne ya 20. Likiwa jepesi na laini kama mto wa zamani, huenda ni sufi, ile ya mti wa msufi. Sponji, ambayo ikizeeka humomonyoka na kuwa unga, ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sawa na manyoya ya nailoni. Manyoya ya mbuzi wa Angora hung'aa kidogo, na uzi wake ulioanguka wenyewe, ukichomwa, hunuka kama nywele. Nailoni huyeyuka na kuwa punje ngumu. Usikate uzi wowote kwa ajili ya jaribio hili.

Macho yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hubadilishwa mara nyingi. Dubu wa mapema walipewa vifungo vyeusi vya viatu. Baadaye yakaja macho ya kioo, na kuanzia miaka ya 1950 plastiki ikaenea. Kioo huwa baridi ukikigusisha shavuni, plastiki haiwi hivyo. Chunguza pia uzi unaolishika jicho, kwa sababu ukiwa mpya kuliko mishono mingine, jicho hilo halina ushahidi wowote juu ya umri wa mdoli.

Sikioni ndipo watu wengi hukosea. Kiwanda cha midoli cha Steiff cha Giengen, Ujerumani, kilianza mwaka 1904 kuweka kifungo cha chuma kwenye sikio la kushoto. Kifungo kikipotea, hubaki tundu dogo linalopita pande zote mbili za kitambaa, wakati mwingine likiwa na doa la kutu na alama ya mviringo iliyokandamizwa. Hata hivyo kampuni ya midoli ya Merrythought ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1930, nayo iliweka vifungo sikioni miaka yake ya mwanzo, na nondo hutoboa matundu bila kujali chapa. Kwa hiyo angalia nyayo pia: mstatili wenye rangi iliyohifadhika, uliozungukwa na matundu ya sindano, unaonyesha mahali palipokuwa na lebo.

Tochi ya kukagulia noti husaidia gizani, maana nyuzi nyingi za kisasa hung'aa samawati, ingawa sabuni ya kufulia pia huacha mng'ao huo. Baada ya kukusanya yote hayo, usikadirie kuwa mdoli ni wa zamani kuliko sehemu yake mpya kabisa ambayo ni ya asili. Waulize wazee wa familia, na uandike walichosema kando na ulichokiona mwenyewe, usivichanganye.

Hivi ndivyo nilivyomwandika dubu mmoja katika daftari langu: kahawia, kimo sentimita 34, maranda tumboni, jicho la kulia kioo, la kushoto kifungo cha shati kilichoshonwa na Shangazi kwa uzi mweusi, tundu moja sikio la kushoto, halina kutu, mtengenezaji hajulikani.