Kupima kufifia kwa nyota Algol kwa macho matupu

Kwa zaidi ya siku mbili mfululizo Algol hung'aa vilevile. Kisha, ndani ya saa 5 hivi, hushuka kutoka kipimo cha mng'ao 2.1 hadi 3.4 (namba ikipanda, nyota imefifia), na kwa saa 5 nyingine hurudia hali yake. Mwaka 1783 kijana John Goodricke, mwanaastronomia wa Uingereza, alitoa rai kwamba huenda kuna kitu kinaizunguka na kuikinga. Ndivyo ilivyo: kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, nyota mwenza iliyo hafifu hupita mbele yake. Hili halihitaji darubini.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Januari. Tafuta Kilimia, kishada kidogo cha nyota, kisha Kassiopea, kundi lenye umbo la W. Algol iko karibu na nusu ya njia. Ukinyoosha mkono, ni ngumi mbili kasoro kidogo kutoka Kilimia. Kaa gizani dakika 20 kwanza, na taa ya kuandikia iwe nyekundu, tena hafifu.

Usikadirie kwa kukumbuka ilivyokuwa jana. Kumbukumbu ya mng'ao hudanganya sana. Linganisha na jirani zake: Almach (2.1), Epsilon ya Perseus, kundi la nyota ambamo Algol imo (2.9) na Kappa ya Perseus (3.8). Algol ikiwa katikati kabisa ya Almach na Epsilon, andika 2.5. Ikikaribia Epsilon kwa robo tatu ya njia, andika 2.7. Rho, iliyo jirani kabisa upande wa kusini, iache: nayo hubadilika mng'ao.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kuanza nyota zikiwa chini. Hewa nzito ya upeoni huzififisha, na Epsilon, inayochomoza baada ya Almach, huumia zaidi, hivyo ulinganisho wote hupinda. Subiri zote zifike ngumi tatu juu ya upeo. Pia usiikodolee macho nyota moja. Hamisha jicho harakaharaka kati ya mbili, na usichungulie makadirio yaliyotangulia kabla ya kuandika jipya.

Pima kila dakika 15. Dakika za chini kabisa ni ngumu kuzibaini moja kwa moja, kwa hiyo tumia pande mbili: ikiwa ilipita 2.9 ikishuka saa 5:10 usiku, na ikaipita tena ikipanda saa 8:50, kina chake, yaani wakati wa kufifia kabisa, kilikuwa saa 7:00. Kufifia kunakofuata kutafika kina usiku wa tatu baada ya huo, saa 3:49, yaani saa 3 na dakika 11 mapema zaidi.

AAVSO, jumuiya ya watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao iliyoanzishwa Marekani mwaka 1911, hupokea makadirio ya macho kama haya. Geuza saa zako ziwe za UTC (saa ya kimataifa) na utaje nyota ulizolinganisha.