Jinsi ya kufundisha na kupima utatuzi wa matatizo bila kudanganywa na jibu sahihi

Nianze na balbu maana ndo iliyonifungua macho. Ubao wa mazoezi karakana, betri ya volti 12, fyuzi, swichi, waya, holda na balbu, na balbu haiwaki. Mwanafunzi wa kwanza kabadilisha balbu, bado, kabadilisha fyuzi, bado, akaanza kutikisatikisa waya mpaka ghafla ikawaka, akashangilia. Wa pili alikaa kama dakika mbili anaangalia tu, akachukua mita akapima katikati ya mzunguko, volti zipo, akasema basi kutoka betri mpaka hapa pazima, ubovu uko mbele, akapima tena nusu ya kilichobaki na kufika kwenye kiungo kilicholegea. Wote balbu iliwaka, na kwa karatasi ya maksi niliyokuwa nayo siku hiyo wote walipata 20 kwa 20. Yule wa kwanza mpaka leo hajui balbu iliwaka kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya yote jiulize, unachompa mwanafunzi ni tatizo au ni zoezi? Kama njia anaijua tayari, hilo ni zoezi hata kama ni gumu na limejaa namba. Tatizo ni pale anajua anataka kufika wapi ila hajui apitie wapi. Mazoezi hayana ubaya, yanahitajika sana, ila usiyape jina lisilo lao halafu uandike kwenye ripoti kwamba darasa linajua kutatua matatizo.

Halafu usimtupe mgeni kwenye maji marefu siku ya kwanza. Kuna walimu wanaamini mwanafunzi akiachwa ahangaike ndo ataelewa, mimi nakubali nusu tu. John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu, kuanzia miaka ya 1980 alionesha kwamba anayeanza, akili yake inajaa upesi akitafuta njia mwenyewe, na anajifunza vizuri zaidi akisoma kwanza mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua. Fanya hivi: tatua moja mbele yao huku ukisema kwa sauti unachowaza, pamoja na pale unapokosea na kurudi nyuma (hasa pale, maana wengi wanadhani fundi mzuri hakosei). Ya pili wape imeshatatuliwa ila umefuta hatua ya mwisho waimalizie, ya tatu futa hatua mbili, na hivyo hivyo mpaka ubaki umewapa swali peke yake.

Sasa kutengeneza tatizo lenyewe. Karakana ni rahisi, unaficha ubovu. Tumia umeme mdogo wenye fyuzi, sio umeme wa ukutani, maana mtu anayejifunza kuwaza atagusa pasipotakiwa. Weka ubovu mmoja kwanza, wawili baadaye. Na tafadhali badilisha ubovu kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, mimi niliwahi kuacha ule ule asubuhi nzima, kufika mtu wa nne anaingia anaenda moja kwa moja kwenye swichi kama ana jicho la tatu, kumbe habari zilishatembea huko nje.

Darasani kwenye hesabu au sayansi, wape maswali yenye taarifa za ziada, au zilizopungua. Miaka ya karibu na 1980 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali la namna hii: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Wengi wakajibu 36. Hawakuwa wajinga, walishazoeshwa kwamba kila swali la mwalimu lina jibu na namba zote lazima zitumike. Ukiwazoesha kuandika "hapa taarifa haitoshi, nahitaji kujua kitu fulani" na ukawapa maksi kwa hilo, tabia inaanza kubadilika.

Kabla hajagusa kitu, mwanafunzi aandike mistari miwili: nadhani ubovu uko wapi na kwa nini, na nitapima nini kwanza. Watanung'unika, wanataka kushika bisibisi, wewe kaza tu. George Pólya, mwanahisabati Mhungaria, mwaka 1945 alizigawa hatua nne: elewa tatizo, panga, tekeleza, halafu rudi uangalie ulichofanya. Wanafunzi wengi wanaruka mbili za kwanza, na ile ya nne haifanywi na mtu kabisa.

Wakati wanafanya, kazi yako ngumu ni kunyamaza. Akikwama usimpe jibu, muulize "umeshajua kipi ni kizima?", akiendelea kukwama "ukipima hapa unategemea kuona nini?", na ikishindikana kabisa ndo umuoneshe pa kupima. Andika pembeni umemsaidia mpaka ngazi ipi, hiyo nayo ni sehemu ya kipimo.

Maksi nazigawa hivi kwa 20: kueleza tatizo lilivyo 3, kisio lenye sababu 4, mpangilio wa vipimo 7, kurekebisha 3, kuhakiki 3. Saba za vipimo naziangalia kwenye karatasi anayojaza mwenyewe, nini kimepimwa, kimetoka nini, amehitimisha nini. Mzunguko ukiwa na sehemu 8 na ubovu mmoja, anayegawa nusu kwa nusu anautenga kwa vipimo 3, anayepima moja moja kutoka mwanzo anaweza kufika 7. Simkati sana huyu wa pili, ana utaratibu, namkata anayerukaruka. Pia angalia kama anabadilisha kitu kimoja kwa wakati. PISA (mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15) ya mwaka 2012 ilikuwa na swali la kompyuta la kiyoyozi kisicho na maelekezo, unasogeza vidhibiti mwenyewe ujue kipi kinagusa joto na kipi unyevu, na ukisogeza vyote kwa pamoja hujui kitu. Karakanani ni hivyo hivyo, ukibadilisha fyuzi na balbu kwa mkupuo mmoja taa ikawaka, umepata taa ila ubovu hujaujua.

Kazi za vikundi ndo zinasumbua. Kikundi cha wanne, mmoja anafanya, wawili wanaangalia, mmoja yuko kwenye simu, maksi sawa kwa wote. PISA ya 2015 ilipopima kutatua matatizo kwa kushirikiana ilimpa mwanafunzi wenzake wa kompyuta, ili kila mtu akutane na wenzake wale wale. Sisi hatuna hiyo, kwa hiyo nafanya hivi: kikundi kikimaliza nachagua mmoja bila kutangaza mapema, anaeleza kwa nini walipima pale, halafu naweka ubovu mwingine wa aina hiyo hiyo kila mtu aandike peke yake angeanzia wapi. Dakika kumi zinatosha. Yule wa kwenye simu huwa anaandika "ningebadilisha balbu".