Kabla ya Kuchagua Sakafu ya Boti Kuukuu ya Alumini

Boti ya alumini ya kuvulia samaki iliyokaa miaka mingi katika ua wa nyumba au nyuma ya gereji jijini Nairobi mara nyingi huwa nzima kuliko inavyoonekana, kwa kuwa alumini haiozi kama mbao wala hailiwi na kutu jinsi chuma kinavyoliwa. Kinachokuwa kimekwisha ni sakafu. Mwenye boti anapoamua kuifufua ili aipeleke Naivasha au Kisumu, swali lake la kwanza huwa ni sakafu ipi inapendeza na inauzwa wapi. Ningemsihi aanze kwingine. Sakafu hufunika mambo ambayo hataweza kuyaona tena bila kuing'oa, na hivyo uamuzi juu yake hutegemea hali ya alumini iliyo chini yake, maji ambamo boti itatumika, na uzito ambao boti inaweza kubeba bila kupoteza utulivu wake.

Kwa hiyo sakafu ya zamani ing'olewe yote, hata pale inapoonekana kuwa imara, na sehemu ya ndani isuguliwe kwa maji, sabuni na brashi ya nailoni. Brashi ya nyaya za chuma haifai, maana huacha chembe ndogo za chuma ndani ya alumini, nazo huwa chanzo cha kuliwa kwake. Uso ukishakauka, yaangaliwe mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoimarisha boti, moja baada ya jingine, hasa pale ubao wa zamani ulipoyagusa. Mahali palipokaa ubao mbichi kwa muda mrefu huonekana unga mweupe kama chumvi, na ukiukwangua unakuta vishimo vidogo vilivyochimbika. Vishimo vya juujuu vinaweza kusafishwa na kupakwa rangi ya msingi. Panapobonyea au kutoboka kwa ncha ya bisibisi panahitaji kiraka, na kiraka hicho kiwekwe na fundi anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni. Mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haifai kwa kazi hii.

Baada ya hapo boti iegemezwe vizuri kwenye magogo au kwenye trela yake, kisha imwagiwe maji ndani hadi kimo cha chini ya sakafu tu, kwa sababu maji mengi ni mazito na yanaweza kulipinda bati. Mtu azunguke nje akiweka alama ya chaki kwenye kila ribiti inayotoa tone. Ribiti iliyolegea hukazwa kwa nyundo huku mtu mwingine ameishikilia kwa chuma kizito upande wa pili. Ile iliyokwisha kabisa hubadilishwa, na hapa uangalifu unahitajika, kwani ribiti za kuvuta zinazouzwa kwa wingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi huwa na tundu katikati na mara nyingi msumari wake ni wa chuma. Maji hupita katika tundu hilo, na chuma hicho huozea ndani ya alumini. Zinazotakiwa ni ribiti za alumini zilizozibwa mwisho, zikifungwa pamoja na gundi ya kuzuia maji.

Boti nyingi za aina hii zimejazwa povu gumu chini ya sakafu na ndani ya viti, na kazi ya povu hilo ni kuizuia boti isizame ikijaa maji. Povu lililozeeka hunywa maji taratibu. Kata kipande, kipime kwa mkono, kibinye: kikitoa maji, fahamu kwamba lililobaki nalo limelowa. Boti ya futi 14 isiyo na injini huwa na uzito wa kilo 100 hadi 150 hivi, kwa hiyo lita 50 za maji zilizojificha ndani ya povu ni mzigo mkubwa unaosafiri nao bila kujua. Povu jipya liwe la vijichumba vilivyofungwa, ambalo halinywi maji. Sponji ya magodoro haifai kabisa, na lile povu jeupe jepesi la kufungashia televisheni huyeyuka likiguswa na petroli. Viti vya kukatiza navyo visiondolewe ovyo kwa kutafuta nafasi zaidi, kwani ndivyo vinavyozishika pande za boti zisifunguke na ndivyo vinavyobeba sehemu ya povu hilo.

Hapo ndipo swali la sakafu yenyewe linapokuja, na wengi huenda moja kwa moja kwenye plaiwudi. Ni chaguo zuri likifanywa kwa uangalifu, lakini Nairobi lina mtego ambao umewagharimu watu wengi. Ukiingia Gikomba au duka lolote la mbao ukaomba "marine board", yaani ubao wa majini, mara nyingi utapewa ile plaiwudi yenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa, inayotumiwa na wajenzi kumwagia zege. Ubao huo ni mzuri kwa zege. Uso wake laini haushikwi na saruji, lakini unateleza vibaya ukilowa, hausemi lolote juu ya ubora wa tabaka za ndani, na rangi haishiki juu yake mpaka usuguliwe sana. Plaiwudi ya boti kwa maana kamili ni ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, ambacho kinadai gundi isiyoyeyuka kwa maji na tabaka za ndani zisizo na mianya. Hata hiyo haijawekewa dawa ya kuzuia kuoza, hivyo bado inahitaji kufunikwa.

Jina lililoandikwa juu ya ubao lisikutoshe. Tazama ukingo uliokatwa kwa msumeno: tabaka ziwe nyingi, zenye unene unaokaribiana, bila matundu meusi katikati. Tundu dogo ukingoni lina maana kwamba ndani kuna mengine, na kila moja ni mfuko wa kuhifadhia maji. Kisha omba kipande cha mabaki, ukichemshe nyumbani kwa saa kadhaa, ukianike kikauke, ukichemshe tena. Tabaka zikianza kuachana, gundi hiyo ni ya kabati za ndani ya nyumba. Wapo wanaoona jaribio hili ni usumbufu; mimi naliona kuwa saa zilizotumika vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Kuhusu unene, milimita 12 hutosha pale nguzo za chini zinazoibeba sakafu zinapoachana kwa sentimita 40 au pungufu. Zikiachana zaidi ya hapo, ni afadhali kuongeza nguzo kuliko kukimbilia milimita 18, maana shiti moja la futi 8 kwa 4 la milimita 12 lina kilo 20 na kitu, na la milimita 18 linazidi kilo 30. Kila kipande kikishakatwa na matundu yote kutobolewa, kipakwe epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ikawa ngumu, pande zote mbili na hasa kingo, mara tatu, kabla ya kufungwa. Kupaka upande wa juu peke yake ni kuufungia unyevu uliotoka chini usipate pa kutokea.

Jambo ambalo ningependa lisisahauliwe kwa vyovyote ni hili: mbao zilizotiwa dawa ya shaba zisiguse alumini. Mbao na nguzo zenye rangi ya kijani kibichi zinazouzwa kwa ajili ya ua na mapaa zimeshindiliwa dawa yenye shaba ili mchwa na ukungu visiziharibu, na muuzaji atakupendekezea kwa nia njema kabisa kwa sababu unasema kazi yako iko majini. Lakini maji yakipita ndani yake huchukua chembe za shaba na kuzishusha kwenye alumini, na hapo alumini huliwa kwa kasi hadi kutoboka. Sharti hili linahusu sakafu na pia vile vijiti vidogo vya chini vinavyoibeba. Kwa sababu hiyo hiyo, kipande cha waya wa shaba kilichodondoka wakati wa kufunga taa kisiachwe chini ya sakafu, na rangi za chini ya boti zenye shaba zisitumike. Mbao zisizo na dawa nazo zisikae moja kwa moja juu ya mataruma. Utepe wa mpira au rangi nzuri iwe katikati.

Njia ya pili ni shiti za alumini. Shiti ya milimita 3 ina uzito wa kilo 8 hivi kwa mita ya mraba, karibu sawa na plaiwudi ya milimita 12, nayo haiozi kamwe. Mafundi wa bodi za matatu na mabasi wanaifahamu ile yenye vinundu vya kuzuia kuteleza. Nenda na sumaku ukainunue, kwa kuwa ile ya chuma hufanana nayo ikipakwa rangi, ilhali ina uzito wa karibu mara tatu. Kasoro zake ni kwamba huwa moto sana chini ya jua la mchana, na kila kisanduku kinachoburutwa juu yake hupeleka mlio majini. Kwa boti inayofanya kazi kila siku, ambayo samaki hutupwa sakafuni na kuoshwa kwa ndoo, mimi ningeichagua hii.

Kuhusu kifuniko cha juu, kapeti huonekana nadhifu siku ya kwanza, kisha hushika ndoana, damu ya samaki na maji, na kuuweka ubao katika unyevu siku nzima. Mkeka wa vinili huoshwa kwa urahisi. Povu la EVA, lile la plastiki laini kama la soli za ndara, la milimita chache ni laini kwa miguu, lakini huchanika kwa ndoana na visu. Rangi ya epoksi iliyonyunyiziwa mchanga safi uliochekechwa ni ya bei nafuu, haitelezi, na hurekebishwa na mtu yeyote mwenye brashi.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, zikitengwa na alumini kwa washa (vipete) za nailoni na mafuta mazito ya kuzuia kuliwa. Maji yaachiwe njia ya kupita chini ya sakafu kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, palipo na kizibo, na kuwe na kifuniko kinachofunguka ili mtu aone ngama, yaani sehemu ya chini kabisa maji yanapokusanyika, na kuyakumba maji. Sakafu isiinuliwe juu ili kupata jukwaa la kusimama, isipokuwa kama boti ni pana, kwa kuwa kila sentimita ya kimo huwapandisha watu na kuifanya boti iyumbe.

Maji ya Naivasha na ya Ziwa Viktoria hayana chumvi nyingi, na kwa hayo alumini hustahimili vyema. Ziwa Turkana ni tofauti, kwani maji yake ya magadi yana pH (kipimo cha asidi na magadi, ambacho 7 ni katikati) ya kiasi cha 9, na alumini huanza kudhoofika hali ya magadi inapozidi. Anayekwenda huko, au baharini Mombasa, apake rangi ya msingi ndani na nje kabla ya sakafu, na asiache alumini tupu mahali popote palipojificha.

Majira nayo yafikiriwe. Kipupwe cha Nairobi, Juni hadi Agosti, huchelewesha epoksi na gundi kukauka, na mvua za masika huulowesha ubao kabla haujapakwa. Ni vyema kazi ifanyike Januari au Februari, chini ya kivuli, na sakafu iachwe wiki nzima kabla ya kukanyagwa na mizigo. Boti itakayobeba abiria au kufanya biashara hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kwa hiyo kibati kinachoonyesha idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa kisiondolewe wala kupakwa rangi. Trela ikishateremka barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha mara ya kwanza, kaza skrubu zote upya kabla boti haijaingia majini, kwa kuwa mtikisiko wa barabara huzilegeza hata zile zilizofungwa vizuri.